Somo la Urithi na Lawama ya Mama

Miongoni mwa maswali ambayo mwalimu wa shule ya msingi hana budi kuyatarajia, hata kama hayamo katika andalio lake la siku hiyo, ni yale yahusuyo urithi. Kwa nini mtoto huyu amefanana na babu yake kuliko baba yake? Kwa nini nyumba ile ina wasichana watupu na nyumba ya jirani wavulana watupu? Wako walimu wanaoyajibu maswali haya kwa mistari mitatu ya ubaoni: maana ya urithi, maana ya jeni, kisha zoezi. Sisi twaona kwamba kufanya hivyo ni kuipoteza fursa kubwa, kwa maana ziko mada chache sana za sayansi ambazo kutozijua huwagharimu watu amani ya nyumba zao kama hii.

Sote twaijua hali ilivyo. Mama ajifunguapo binti wa tatu au wa nne, huanza kusikia maneno ya mawifi na ya wakwe. Husemwa kwamba tumbo lake ni la wasichana tu, na mume hushauriwa kutafuta mke mwingine atakayemzalia mrithi. Wako waliorudishwa kwao kwa sababu hiyo. Na yule binti aketiye mbele yetu darasani, mwenye daftari na kalamu, ameyasikia maneno hayo yote. Ameelewa kwamba mama yake amekosa, na kwamba kosa lenyewe ni yeye.

Sayansi inasema nini? Seli ya mwili wa binadamu kwa kawaida ina kromosomu 46, zilizo katika jozi 23. Jozi moja kati ya hizo ndiyo ihusuyo jinsi. Kwa mwanamke jozi hiyo ni X na X. Kwa mwanamume ni X na Y. Kwa hiyo yai la mama hubeba X sikuzote, wala halina kingine cha kutoa. Mbegu za baba ndizo zilizo za namna mbili, nusu zikibeba X na nusu Y. Ikitangulia mbegu yenye X, mtoto ni wa kike. Ikitangulia yenye Y, ni wa kiume. Jambo hili si jipya. Mwaka 1905 mtaalamu wa Marekani, Bibi Nettie Stevens, alilibainisha kwa kuchunguza seli za wadudu waishio katika unga.

Maelezo hayo yakiishia ubaoni, mwanafunzi atayakariri leo na kuyasahau kesho, naye akifika nyumbani atayaamini ya shangazi. Twapendekeza ayaone kwa mikono yake. Zana zake ni makopo mawili na maharage ya rangi mbili. Katika kopo la mama tia maharage meupe 40. Katika kopo la baba tia meupe 20 na mekundu 20. Yawe ya ukubwa mmoja, vidole visije vikabaini rangi. Mwanafunzi afumbe macho, achukue harage moja katika kila kopo, aandike, kisha ayarudishe na kutikisa makopo. Meupe mawili ni binti; jeupe na jekundu ni mvulana. Arudie mara nne, naye atakuwa amepata familia ya watoto wanne.

Tuseme darasa lina wanafunzi 48. Kwa kuwa nafasi ya kupata binti ni karibu nusu kila mara, nafasi ya kupata mabinti wanne mfululizo ni nusu mara nusu mara nusu mara nusu, yaani 1/16. Yatarajiwa basi kwamba familia 3 hivi kati ya hizo 48 zitakuwa za wasichana watupu, na nyingine 3 hivi za wavulana watupu. Hapo mwalimu aulize: Je, mwenzenu huyu amefanya kosa gani hata akapata mabinti wanne? Darasa zima litaona kwamba hakufanya lolote. Swali hilo lina thamani kuliko kurasa tano za maelezo.

Kisha mwalimu amwombe yule mwenye mabinti wanne achukue mara ya tano, na kabla hajachukua awatake wanafunzi wabashiri. Wengi watasema kwamba sasa ni zamu ya mvulana. Ndivyo wasemavyo watu wazima pia, na kwa sababu hiyo mama huendelea kuzaa hata afya yake ikadhoofika. Lakini maharage yalirudishwa. Kopo halikumbuki yaliyopita. Nafasi ya mara ya tano ni ileile ya mara ya kwanza.

Hapa twatoa tahadhari. Tumewahi kumsikia mwalimu akihitimisha somo hili kwa kusema, "Kwa hiyo mwenye kosa ni baba." Huko ni kuhamisha lawama tu, si kuiondoa. Baba hachagui mbegu itakayotangulia, kama vile mwanafunzi aliyefumba macho asivyochagua harage. Zaidi ya hayo, kutafuta mwenye kosa ni kukubali kwamba kuzaliwa mtoto wa kike ni kosa. Mwalimu asiondoke darasani kabla ya kulikanusha hilo waziwazi.

Tahadhari ya pili yahusu sifa nyingine za urithi. Katika mazoezi ya kufundisha tulimwona mwalimu mwanachuo mmoja, mwenye bidii kwelikweli, akiwataka wanafunzi wakunje ndimi zao, kisha waende nyumbani wakaangalie kama baba na mama zao waweza pia. Aliwaambia kwamba wazazi wasioweza hawawezi kuzaa mtoto awezaye. Mvulana mmoja alikunja ulimi wake mara moja tu, kisha akainamisha kichwa mpaka kipindi kilipokwisha. Hatukujua alikuwa akiwaza nini, lakini twaweza kukisia.

Zoezi hilo limo katika vitabu vingi, nalo ni potofu. Wamepatikana mapacha wa yai moja, wenye urithi uleule, mmoja akiweza kukunja ulimi na mwenzake asiweze. Urefu wa mwili na wekundu au weusi wa ngozi nao hutokana na jeni nyingi kwa pamoja, na urefu hutegemea pia chakula cha utotoni. Kwa hiyo mwalimu asiifanye familia ya mwanafunzi kuwa zana ya kufundishia. Darasani wamo yatima, wamo waliolelewa na wasiowazaa, na wamo ambao neno moja la mwalimu laweza kuwatia shaka isiyofutika. Tutumie maharage, maharage hayana baba wa kutiliwa shaka.

Na maharage hayohayo yatasaidia kuonyesha sifa zilizojificha. Siku nyingine, tia katika kila kopo mekundu 20 na meupe 20. Sasa jekundu ni jeni tawala, iletayo rangi ya kawaida ya ngozi, na jeupe ni jeni fiche ya ualbino. Mzazi mwenye jekundu na jeupe ana ngozi ya kawaida, wala hajui alichokibeba. Wakikutana wawili wa namna hiyo, karibu robo ya mara zote yatatoka meupe mawili, yaani mtoto mwenye ualbino. Gregor Mendel aliona uwiano huo katika njegere, akatangaza matokeo yake mwaka 1865: mbegu 5,474 za mviringo kwa 1,850 zenye mikunjo, karibu tatu kwa moja. Ugonjwa wa selimundu hurithiwa kwa njia hiyohiyo.

Tukumbuke kwamba katika nchi yetu akina mama wametuhumiwa uzinzi kwa kuzaa mtoto mwenye ualbino, ilhali nusu ya urithi huo ilitoka kwa mume mwenyewe. Tukumbuke pia mauaji ya watu wenye ualbino, hasa ya miaka ya 2007 na 2008, yaliyofanywa na watu walioamini kwamba viungo vya ndugu zao vina nguvu za ajabu. Wengi wa watu hao walipata kuketi katika madarasa yetu.

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini walisema pia kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Yale ambayo mtoto hurithi hatuwezi kuyabadili. Lakini namna atakavyomtazama mama yake, na namna binti atakavyojitazama mwenyewe, hilo ni jambo la malezi, na sehemu yake moja imo mikononi mwa mwalimu. Makopo mawili na maharage 80 havizidi uwezo wa shule yoyote.