Akishitakiwa kwa Kosa la Mtoto, Avue Jezi Kwanza



Kuna mjadala umeshika vijiwe vyote hapa Buzwagi: mchezaji wa kulipwa akituhumiwa kumfanyia ukatili mtoto, aendelee kucheza au akae pembeni? Nimeusikia kwa bodaboda, nimeusikia kwa muuza kahawa, na kwenye group letu la vijana watu wameshatukanana. Wengi mnasema acheze mpaka mahakama iseme. Mimi nasema hapana. Akishapandishwa kizimbani na kusomewa shitaka linalomhusu mtoto, avue jezi, akae nje, alipwe mshahara wake wote, mpaka kesi iishe. Huo ndio msimamo wangu, na naomba mnivumilie niutetee.

Naanza na Katiba, maana ndiyo mnayonirushia usoni kila nikifungua mdomo. Ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshitakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika kuwa anayo. Naijua, naisoma darasani, na sisi wapinzani tunaihitaji kuliko mtu yeyote nchi hii, kwa jinsi tunavyobambikiwa kesi. Sitaki iguswe hata herufi moja.

Lakini kukaa nje ya uwanja kwa mshahara kamili si adhabu. Someni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kifungu cha 37 kinamzuia mwajiri kumwadhibu au kumfukuza mfanyakazi kwa jambo ambalo tayari liko mahakamani kama kosa la jinai, mpaka shauri liishe pamoja na rufaa yake. Hiyo ni kinga ya mfanyakazi, safi kabisa. Halafu someni kanuni zake, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Zinasema mfanyakazi aliyeshitakiwa kwa jinai anaweza kusimamishwa kwa malipo kamili wakati akisubiri uamuzi. Yaani aliyetunga sheria aliziona pande zote mbili: usimfukuze, usimkate mshahara, ila una ruhusa ya kumweka pembeni. Muuza duka, dereva wa lori la mgodi, karani wa benki, wote kanuni hiyo inawahusu. Sasa mchezaji ana nini cha ziada? Mabao?

Na msiniambie soka letu halijui kusimamisha watu. Linajua sana. Julai 2022 Kamati ya Maadili ya TFF ilimfungia Haji Manara miaka miwili na kumpiga faini ya shilingi milioni 20. Kosa? Kutoleana maneno na Rais wa TFF. Waamuzi wakikosea penalti, Bodi ya Ligi inawaweka kando na tunasoma taarifa yake tukinywa chai. Uwezo upo, kamati zipo, mihuri ipo. Rais wa shirikisho akikwaruzwa, mashine inawaka. Nauliza kwa adabu zote: binti wa darasa la sita akikwaruzwa, inawashwa na nani?

Kwa wanaodhani haya ni mambo ya kufikirika tu, twendeni Uingereza. Adam Johnson alikuwa winga wa Sunderland, amewahi kuichezea timu ya taifa. Machi 2015 alikamatwa kwa tuhuma za kujihusisha kingono na msichana wa miaka 15. Klabu ikamsimamisha, na kabla ya mwezi kwisha ikamrudisha uwanjani. Aprili akashitakiwa rasmi. Akaendelea kucheza. Timu ilikuwa inapambana kutoshuka daraja na yeye alikuwa na mguu. Tarehe 6 Februari 2016 alifunga bao Anfield dhidi ya Liverpool. Siku nne baadaye alisimama mahakamani akakiri sehemu ya mashitaka, na kesho yake klabu ikamfukuza. Baraza la wazee wa mahakama likamtia hatiani kwa shitaka jingine, akafungwa miaka sita. Mtendaji mkuu wa klabu, Margaret Byrne, alijiuzulu baada ya kubainika kwamba alikuwa ameona baadhi ya ushahidi mapema na bado mchezaji akaachwa acheze.

Mfikirieni yule binti katika ile miezi. Kila wikiendi uwanja mzima unaliimba jina la mtu aliyemshitaki. Anakwenda shuleni na wenzake wamevaa jezi yake. Halafu mnataka aje mahakamani atoe ushahidi bila kutetemeka. Hii ndiyo sababu yangu kubwa, na ni sababu ya kisheria kabisa. Makosa haya mara nyingi hayana shahidi mwingine. Sheria yetu ya Ushahidi, kwenye kifungu cha 127, inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mtoto aliyefanyiwa ukatili peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Kwa hiyo kesi nzima inaning'inia kwenye ulimi wa mtoto mmoja. Ukimwacha mshitakiwa aendelee kuwa mfalme wa mji, umeuminya ulimi huo kabla hajaitwa kizimbani, hata kama wewe hukukusudia.

Mtaniuliza: na akishinda kesi? Swali zuri. Benjamin Mendy alishitakiwa kwa ubakaji mwaka 2021 akiwa Manchester City. Klabu ilimsimamisha, ikamkatia na mshahara. Mwaka 2023 akaonekana hana hatia katika mashitaka yote. Novemba 2024 baraza la kazi huko kwao likaamua alipwe sehemu kubwa ya mishahara ile. Ni sahihi kabisa. Klabu haikukosea kumweka pembeni, ilikosea kumkatia mkate. Ndiyo maana nimesema mshahara wote, hata senti isipungue. Na akishinda, klabu imtangaze kwa sauti ileile iliyotumika kumsimamisha.

Halafu kuna suala la fimbo, ambalo huku kwetu watu wanalichekea. Mwaka 2014 Adrian Peterson, nyota wa mpira wa Kimarekani wa timu ya Minnesota Vikings, alishitakiwa Texas kwa kumchapa mwanawe wa miaka minne kwa fimbo ya mti mpaka akamjeruhi. Timu ikamweka nje mechi moja, ikapoteza, ikatangaza anarudi. Wadhamini na mashabiki wakachachamaa, ikabidi imwondoe tena. Baadaye hakupinga shitaka, akapewa adhabu ya nje ya gereza. Najua wengi mtasema, "Sasa hilo nalo ni kosa? Mbona sisi tumechapwa?" Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto, na inasema adhabu iliyopita kiasi kwa aina au kwa kipimo haina uhalali. Mtoto wa miaka minne mwenye vidonda mapajani amepitishwa kiasi. Kuchapwa kwetu sisi hakuhalalishi chochote.

Tuje nyumbani. Hatuna kesi ya mchezaji wa Ligi Kuu iliyotikisa nchi, ila tunayo ya wanamuziki, na inatufundisha. Mwaka 2004 Nguza Viking, Babu Seya, na wanawe watatu walihukumiwa kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya watoto kumi wa shule ya msingi, wenye umri wa kati ya miaka sita na minane, kule Sinza. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia wawili kati ya wanawe, ikabakiza hukumu ya baba na ya Johnson, yaani Papii Kocha. Tarehe 9 Desemba 2017, Dodoma, Rais Magufuli akawasamehe wote wawili. Nchi ikashangilia, studio zikafunguliwa, na Januari 2018 wakapokelewa Ikulu.

Najua wengi mnaamini walionewa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Machi 2018, ilisema haki yao ya kujitetea ilivunjwa, ikiwemo kutopewa nakala za maelezo ya mashahidi. Nalichukulia hilo kwa uzito. Na wale wawili walioachiwa 2010 walikaa ndani miaka zaidi ya sita, hakuna wa kuwarudishia. Ndiyo maana sikubali mtu ahukumiwe na vijiwe. Lakini angalieni jinsi jambo lilivyomalizwa. Msamaha wa Rais hausemi mtu hana hatia, na wala haukuwauliza wale watoto kumi chochote. Walikuwa wameshakuwa mabinti wakubwa, wakaangalia kwenye televisheni taifa likicheza. Na mwaka huohuo, Juni, Rais huyohuyo alisema mwanafunzi akipata mimba hatarudi shule. Huyu aliyehukumiwa anapewa mkono Ikulu, yule msichana mwenye mimba anafungiwa geti. Umaarufu unapimwa kwa mizani yake, na mtoto wa mkulima anapimwa kwa nyingine.

Sasa kwa nini nalia na hili kutoka Buzwagi, si kutoka Dar? Kwa sababu ukanda wetu wa dhahabu una hela ya haraka na watoto wengi maskini, na mpira uko katikati. Shinyanga imetajwa miaka nenda rudi kuwa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa ndoa za utotoni. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa; Rebeca Gyumi akaipinga, Mahakama Kuu ikamkubalia mwaka 2016, Mahakama ya Rufani ikathibitisha 2019, na Bunge la chama kimoja likaendelea kusinzia. Katika mazingira hayo mchezaji anayelipwa vizuri ni bwana mkubwa. Watoto wanambebea viatu. Wazazi wengine wanaona ni bahati akizoeana na binti yao.

Nimeona mwenyewe jinsi yanavyoisha. Kuna familia moja huku kwetu, sitaitaja, binti yao wa sekondari aliharibiwa na kijana anayechezea timu ya mtaani. PF3 ilichukuliwa, faili likafunguliwa. Jumapili iliyofuata kijana yuko uwanjani, akafunga, akabebwa juu juu. Mama yule aliniambia, "Mwanangu, mji mzima uko naye, sisi tutapita wapi?" Wiki mbili baadaye wakakaa wazee, zikazungumzwa ng'ombe, faili likafa. Hakuna hakimu aliyesikia chochote. Wanaosema tuiachie mahakama, waniambie mahakama ipi, kama kesi inauawa na shangwe kabla haijafika.

Na hizi klabu si mali binafsi za watu tu. Geita Gold ni timu ya halmashauri ya Geita, na mgodi wa GGM umewahi kuwa mdhamini wake. Uwanja wa Kambarage pale Shinyanga ni wa CCM, waliuchukua enzi za chama kimoja na hawajaurudisha kwa wananchi. Timu ikiendeshwa na halmashauri, diwani ana haki ya kuuliza. Mgodi ukiweka nembo yake kifuani mwa mchezaji, una wajibu wa kuuliza.

Vijana wa Buzwagi tunajua nchi hii inavyosimamisha watu. Agosti 2007 Zitto Kabwe, wakati huo akiwa mbunge wetu wa Kigoma Kaskazini, alitaka Bunge lichunguze mkataba wa mgodi huu huu, uliosainiwa hotelini London na Waziri Karamagi. Bunge likamsimamisha Zitto. Leo yuko chama kingine, si hoja. Hoja ni kwamba hakusubiriwa hakimu. Dhahabu imechimbwa, mgodi umefungwa, shimo tumebaki nalo. Nchi iliyoweza kumtoa mbunge bungeni kwa kuuliza swali haiwezi kuniambia haina utaratibu wa kumtoa winga uwanjani kwa kesi ya mtoto.

Ninachotaka kiandikwe kwenye kanuni za TFF na Bodi ya Ligi ni hiki:

1. Tuhuma ikitolewa, klabu iripoti Dawati la Jinsia na Watoto ndani ya saa 24, na mchezaji asikaribie timu za watoto wala kambi yao.

2. Akishitakiwa rasmi mahakamani, asimamishwe kwa mshahara kamili mpaka hukumu. Maneno ya mitandaoni au ya mashabiki wa timu pinzani yasitoshe. Ni lazima pawe na shitaka. Hapo na wale wanaoogopa utani wa Simba na Yanga kugeuzwa fitina wamelindwa.

3. Kiongozi wa klabu atakayekutwa akisuluhisha kesi ya mtoto kwa hela au ng'ombe afungiwe maisha na ashitakiwe.

4. Kesi hizi zisikilizwe haraka. Mchezaji ana miaka kumi ya kucheza na mtoto ana utoto mmoja. Wote wawili wanaumizwa na upelelezi usiokamilika.

Kwa madiwani wetu mliobaki, hili mnaweza kulipeleka kikaoni bila kusubiri makao makuu. Kwa makamanda mtakaosema nachanganya siasa na mpira: mpira huu unachezwa kwa hela ya halmashauri, kwenye kiwanja cha chama tawala, na watoto wanaoumizwa ni wadogo zetu. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo. Mwenye matusi apite mbele, nimeshayazoea.

Tukutane kikao cha tawi.