Mionzi barabarani: Arua na Koboko zitazame mwisho wa safari kuliko kasha

Barabara ya lami inayoanzia Vurra, mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kupita Arua na Koboko hadi Oraba kwenye mlango wa Sudan Kusini, haifiki kilomita 100. Kwa mfanyabiashara, ukaribu huo wa mipaka miwili ni neema. Kwa ofisa anayepaswa kujua kila siku kifaa chenye mionzi kiko wapi, ni mtihani.

Vifaa hivyo si vya kivita. Wajenzi wa barabara duniani kote hutumia kipimo cha kubebeka chenye sesiamu-137 na amerisiamu-241 kujua kama udongo umeshindiliwa sawasawa. Hospitali hutumia kobalti-60 kutibu saratani. West Nile inajengewa barabara, na Arua imo katika mpango wa serikali wa vituo vya saratani vya kanda.

Kisheria, msingi upo. Sheria ya Nishati ya Atomiki ya mwaka 2008 iliunda baraza la kutoa leseni kwa wanaoingiza, kumiliki au kusafirisha vitu hivi. Viwango vya ufungashaji huwekwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA. Kasha la mzigo hafifu sharti listahimili mvua, kulaliwa na mizigo mingine, na kuanguka kutoka mita 1.2. Kasha la kobalti ya hospitali huangushwa kutoka mita 9 juu ya sakafu isiyobonyea, kisha huwekwa katika moto wa nyuzijoto 800 kwa dakika 30. Lori likipinduka Pakwach, kasha la namna hiyo linatarajiwa kubaki zima.

Uangalizi ndio hulegea. Januari 2023, huko Australia Magharibi, kidonge cha sesiamu cha milimita 8 kilidondoka kutoka kwenye kifaa kilichosafirishwa kwa lori umbali wa kilomita 1,400. Inaaminika mtikisiko ulilegeza skrubu. Mzigo ulifika Perth Januari 16, lakini haukufunguliwa hadi Januari 25, na hapo ndipo ilipojulikana kuwa kidonge hakimo. Kwa siku tisa, karatasi zilisema kila kitu ni salama.

Chuma chakavu

Hatari kubwa zaidi huanza pale mzigo unapokoma kuwa mzigo. Mradi umekwisha, mkandarasi ameondoka, kifaa kimeachwa stoo na ufunguo umebadilisha mikono mara tatu. Risasi inayozuia mionzi ndiyo hiyo hiyo yenye bei nzuri kwenye mzani wa mnunuzi wa vyuma.

Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazil, waokota vyuma waliitoa mashine kwenye kliniki iliyohamwa. Unga uliong'aa rangi ya buluu ukagawiwa ndugu na majirani kama kitu cha kupendeza. Watu wanne walifariki, na kati ya takriban 112,000 waliopimwa, 249 walikutwa na uchafuzi wa mionzi. Sesiamu hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 30. Koboko iko jirani na nchi mbili, na chuma chakavu hakina cheti cha kuzaliwa.

Alama ya mabawa matatu haimwambii kitu asiyeifahamu. Ndiyo maana mwaka 2007 IAEA ilizindua alama nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia, baada ya kuijaribu katika nchi 11, Kenya ikiwamo. Kwa sisi watafsiri, kamusi zinatupa neno "unururifu", neno zuri ambalo sijawahi kulisikia stendi ya mabasi. Onyo la Arua litafaa zaidi likiandikwa kwa Kilugbara na Kiswahili cha sokoni, na lile la Koboko kwa Kikakwa.

Mashine ipi kwa Arua?

Kituo cha saratani kinalipa swali hili uzito mwingine. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda, iliyokuwa Mulago, iliharibika, na wagonjwa wakabaki bila tiba hiyo nchini. Tiba hiyo kusogezwa Arua kungewapunguzia wagonjwa safari ya takriban kilomita 500. Mashine inayozalisha mionzi kwa umeme haina chanzo cha kusafirisha, lakini inadai umeme usioyumba, katika eneo ambalo kwa miaka mingi halikuwa kwenye gridi ya taifa. Kobalti huvumilia umeme dhaifu zaidi, ila lazima iletwe na hatimaye irudishwe.

Nayo iridiamu-192, inayotumika kutibu saratani ya mlango wa kizazi kutokea ndani ya mwili, hupungua kwa nusu ndani ya siku 74. Kila baada ya miezi mitatu au minne chanzo kipya huja na cha zamani huondoka. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa ukarabati mwaka 2024, malori ya West Nile yalilazimika kuzunguka. Mpango wa Arua unapaswa kutaja mapema ni wapi chanzo kilichochoka kitahifadhiwa siku kama hizo, na nani atashika ufunguo.