Tunamsindikiza Maiti, Tunamwacha Mzazi

Katika vitongoji vya Bukoba na Muleba hakuna anayezikwa peke yake. Mtu akifariki usiku, kabla jogoo hajawika chama cha kuzikana kimekwisha kupata habari. Wanaume wanaleta kuni na kuchimba kaburi, akina mama wanaleta ndizi, maharage na mikeka, na wafiwa hawaachwi kulala peke yao. Asiyefika bila sababu anajua kwamba siku yake nayo itakuja. Desturi hiyo ni njema. Tumelelewa nayo, na Kanisa limeibariki. Tunachouliza ni hiki tu: watu wanaojua hivyo kumsindikiza maiti, kwa nini wanamwacha mama mwenye uchungu wa kuzaa aingie peke yake?

Tunauliza kwa sababu jambo hili limetupata. Miaka kadhaa iliyopita, sisi akina mama wa jumuiya moja ya Muleba tulimpeleka binti yetu kujifungua mimba yake ya kwanza. Mama yake mzazi alikuwa amekwisha kufariki, na sisi ndio tuliokuwa mama zake. Tulibeba beseni, kanga, chupa ya chai na uji. Mlangoni tukaambiwa ndugu wabaki nje. Tukakaa kwenye benchi tukisali, na usiku kucha tukamsikia akiita. Alimwita mama yake, kisha akatuita sisi, mmoja mmoja kwa jina. Muuguzi wa zamu alikuwa mmoja na wanawake wenye uchungu walikuwa kadhaa, kwa hiyo hatumhukumu. Alfajiri mlango ukafunguliwa, tukaitwa ndani. Mtoto alikuwa amezaliwa bila kulia, na alitakiwa mtu wa kumfunga kwenye kanga na kumbeba. Wakati wa uchungu tulikuwa watu wa nje. Palipokuwa na maiti tukawa ndugu.

Hatusemi kwamba mtoto yule angepona kama tungekuwa ndani. Hilo analijua Mungu. Ila binti yetu alipotuona aliuliza neno moja: "Mama zangu, mlikuwa wapi?" Tulikuwa hatua ishirini kutoka kitandani pake. Jioni ile, ingawa mazishi ya mtoto mchanga huwa madogo, kuni zilifika, ndizi zilifika, na mwinjilisti akaja kufariji. Kila mtu alijua wajibu wake kwa maiti. Wajibu kwa mzazi aliye katika uchungu haukuwa umeandikwa katika katiba ya chama chochote, wala katika ratiba ya usharika.

Siku hizi katika nchi za mbali kuna wanawake wanaofanya kazi ya kumsindikiza mjamzito tangu mimba hadi baada ya kujifungua, nao huitwa doula. Wapo wanaodhani ni anasa ya Wazungu. Neno lenyewe ni la Kigiriki, na maana yake ni mtumishi wa kike, mjakazi. Ni neno lile lile ambalo Luka ameliandika kwa Kigiriki katika sura yake ya kwanza, pale Mariamu anapomjibu malaika na kujiita mjakazi wa Bwana. Na mjakazi huyo alifanya nini mara tu baada ya kujiita hivyo? Aliondoka kwa haraka kwenda milimani kwa Elisabeti, aliyekuwa na mimba ya miezi sita, akakaa naye kama miezi mitatu. Anayejua kuhesabu na ahesabu. Tunaimba wimbo wa Mariamu, tunahubiri salamu ya Elisabeti, lakini ile miezi mitatu ya kuteka maji, kupika na kumkanda jamaa yake mgongo tunaipita kana kwamba si Injili.

Twendeni nyuma zaidi. Katika Mwanzo sura ya 35 Raheli anashikwa na uchungu njiani, karibu na Bethlehemu. Uchungu ulipozidi, mkunga alimwambia asiogope, kwa maana anapata mwana mwingine. Raheli alikufa. Maneno ya mkunga hayakumponya, lakini Maandiko yameona yafaa kuyahifadhi, tujue kwamba hakufa bila sauti ya mwenzake sikioni. Katika Kutoka, Shifra na Pua walimcha Mungu kuliko Farao, na walimcha pale pale walipofanyia kazi yao, penye uchungu wa kuzaa.

Sasa tuseme waziwazi msindikizaji ni nani na si nani. Si mkunga. Hapimi njia, hachomi sindano, hazalishi, wala haleti dawa. Hatuombi turudi kujifungulia nyumbani. Tumezika wengi mno kwa njia hiyo. Kwa takwimu za kitaifa za 2022, wanawake 81 kati ya 100 walijifungulia katika vituo vya afya, wakati katika utafiti wa 2015 hadi 2016 walikuwa 63. Vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti ule, na 104 katika huu wa 2022. Tunamshukuru Mungu na tunawashukuru wauguzi. Ila mama aliyefikishwa kituoni bado ana mgongo unaouma na moyo unaoogopa.

Kazi ya msindikizaji huanza mapema. Anamkumbusha mjamzito siku za kliniki, na ikibidi anakwenda naye. Anazijua dalili za hatari: damu kutoka, kichwa kuuma sana, macho kuona maruerue, uso na mikono kuvimba, mtoto kuacha kucheza tumboni. Anahakikisha namba ya bodaboda ipo na nauli imewekwa. Kwa mama wa visiwani, kama Bumbire, anakumbusha kwamba ziwa halingoji uchungu. Avuke kabla ya siku zake, na bara awepo wa kumpokea.

Uchungu ukianza, anatembea naye, anamkanda kiuno kwa kiganja, anamfuta jasho, anampa chai kwa funda ndogo muuguzi akiruhusu, anamkumbusha kukojoa, anapumua pamoja naye. Akiona damu nyingi au kichwa cha mtoto, anamwita muuguzi. Mtoto akizaliwa, anasaidia anyonye ndani ya saa ya kwanza, na anaiangalia kanga ya mama isilowe damu bila mtu kujua. Anasali kwa sauti ya chini. Mtoto akifariki, yeye ndiye anayebaki.

Haya si maneno ya bibi zetu tu. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio yaliyohusu wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17. Waliona kwamba mwanamke mwenye mtu wa kukaa naye mfululizo huelekea zaidi kujifungua kwa njia ya kawaida, uchungu wake huwa mfupi kidogo, na upasuaji hupungua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kwamba kila mwanamke awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe. Na hapa jirani, mkoani Kigoma, kuanzia 2016 shirika la Thamini Uhai lilijaribu utaratibu huo katika vituo tisa vya serikali, na wanawake waliohudumiwa huko waliridhika zaidi na huduma. Kama Kigoma wameweza, Kagera tunangoja nini?

Tunazijua hoja za kutupinga. Ya kwanza ni faragha: chumba ni kimoja, vitanda ni vingi, mgeni wa huyu atamwona yule. Hoja ni ya kweli, na dawa yake ni pazia. Kila mwaka, baada ya ibada ya mavuno, tunafanya mnada. Mkungu mmoja wa ndizi unanunuliwa, unarudishwa, unanunuliwa tena, mpaka umelipiwa mara tatu, na fedha zinakwenda kununua vipaza sauti vya kwaya. Usharika unaoweza kununua vipaza sauti haushindwi na mita chache za kitambaa na kamba ya kuning'inizia.

Ya pili ni maambukizi. Mwaka 2023, Marburg ilipoingia Bukoba Vijijini, sote tulijifunza kunawa mikono, hata watoto. Mtu mmoja, aliyefundishwa na anayejulikana, si umati. Na yakitokea mlipuko mwingine, tutatii amri ya kukaa nje bila kinyongo.

Ya tatu ni dawa za mitishamba za kuongeza uchungu, ambazo baadhi ya ndugu huziingiza zimefichwa katika chai. Hapa tunakiri kosa. Tumeona hayo yakitendwa na wanawake wa rika letu, na yanaweza kupasua kizazi na kuua. Ndiyo maana tunataka msindikizaji aliyefundishwa na aliyeahidi mbele ya muuguzi. Ukimfukuza ndugu mlangoni hujaifukuza dawa. Inanywewa nyumbani kabla ya safari, ambako muuguzi hayupo wa kuikataza.

Ya nne ni kwamba wauguzi ni wachache na watasumbuliwa. Kwa sababu ni wachache, ndiyo hasa maana ya kuomba! Muuguzi mmoja mwenye wazazi wanne usiku hawezi kushika mikono minane.

Lakini tusiwalaumu wenye funguo peke yao. Sisi akina mama tuna deni pia. Wangapi kati yetu tumemwambia binti ajikaze, kwamba nasi tulizaa na hatukulia? Wangapi tumejipa nafasi kwa sababu sisi ni mama mkwe, wakati yeye angemtaka dada yake? Msindikizaji anachaguliwa na anayezaa. Akimtaka mama mkwe, vema. Akimtaka mumewe, na chumba kikiruhusu, mume huyo asichekwe na wenzake. Asipomtaka yeyote, hilo nalo ni haki yake.

Na Kanisa lina deni kubwa kuliko yote. Msichana akipata mimba nje ya ndoa tunamtenga na Meza ya Bwana, na mara nyingi aliyempa mimba anaendelea kuimba kwaya kwa kuwa tumbo lake halionyeshi kitu. Hatuandiki hapa kufuta nidhamu ya Kanisa. Tunauliza: katika usiku wake wa uchungu, nani anakwenda naye? Mariamu mwenyewe alikuwa na mimba ambayo majirani wangeihesabu vibaya, na Elisabeti alimfungulia mlango kabla ya kumuuliza swali. Kama huduma hii itaanza, ianze na msichana huyo. Tukimsindikiza mke wa mzee wa kanisa na kumwacha yeye, tutakuwa tumeanzisha chama cha heshima, si huduma.

Mkoa huu unajua kukaa na wanaoteseka. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa nchini, mwaka 1983, walikuwa wa hapa Kagera. Watu walipoogopa hata kugusa kikombe cha mgonjwa, wapo waumini walioingia katika nyumba hizo wakaosha, wakalisha, wakasali. Na Muleba peke yake ina hospitali za makanisa yetu, Ndolage, Rubya na Kagondo, ambazo babu na bibi zetu walizaliwa au kutibiwa humo. Watu wenye historia hiyo hawahitaji kufundishwa huruma. Wanahitaji kukubali kwamba chumba cha kujifungulia nacho ni mahali pake.

Tunaomba mambo matatu. Kila usharika wa Bukoba na Muleba uchague akina mama wachache, uwapeleke wafundishwe na wakunga wa kituo cha karibu, na uwabariki madhabahuni kama unavyowabariki wanakwaya. Sehemu ya mnada wa mavuno inunue mapazia na viti vya wasindikizaji. Na viongozi wetu, ambao wana sauti katika bodi za hospitali za Kanisa, waulize kikaoni swali ambalo binti yetu alituuliza sisi.

Chama cha kuzikana hakikuletwa na mfadhili. Watu waliona aibu kumwacha jirani azike peke yake, wakaketi, wakaandika majina, wakaanza. Basi na tuone aibu kwa ajili ya walio hai. Leo usiku, mahali fulani kati ya Kamachumu na ziwa, mwanamke atashikwa na uchungu. Kuni za msiba zingemfikia kabla ya asubuhi. Mkono wa mwenzake umfikie kwanza.