Gesi Ianze kwa Wanaoshinda Barabarani

Septemba 2023 bei kikomo ya petroli jijini Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,200 kwa lita. Kilo ya gesi asilia iliyoshindiliwa, ile ambayo mafundi na madereva huiita CNG, imekuwa ikiuzwa shilingi 1,550, na kilo hiyo hulifikisha gari mahali ambapo lingefikishwa na lita moja na nusu hivi ya petroli. Kwa bei za mwezi ule, mwenye kutumia petroli alikuwa akilipa karibu mara tatu kwa safari ileile. Bidhaa yenye tofauti kama hiyo haihitaji kupigiwa debe. Hata hivyo magari ya gesi yamebaki sehemu ndogo ya magari ya jiji, ingawa gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na imekuwa ikifika Ubungo kwa bomba tangu 2004. Ukiuliza sababu, utaambiwa vituo ni vichache. Ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Kwa muda mrefu tumeshughulika na kuhesabu magari mangapi yamefungwa mfumo wa gesi, na hatujauliza vya kutosha ni magari yapi.

Tuuangalie mtungi mmoja. Kufunga mfumo kwenye gari dogo la petroli hugharimu kati ya shilingi milioni 1.5 na 2.5, kutegemea ukubwa wa mtungi na aina ya injini. Tuseme ni milioni 2, na petroli ni shilingi 3,000. Gari la mtumishi anayetoka Mbezi kwenda Posta asubuhi na kurudi jioni hutembea kama kilomita 40, yaani lita 4 hivi za petroli kwa siku. Akihamia gesi ataokoa chini kidogo ya shilingi 8,000 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi kwa mwezi itamchukua karibu mwaka mzima kurudisha fedha zake. Teksi inayotembea kilomita 150 kwa siku huunguza lita 15. Ikihamia gesi inaokoa karibu shilingi 30,000 kwa siku, na mtungi unajilipa ndani ya miezi mitatu. Kwa mwaka, mtungi wa mtumishi umezuia takribani lita 1,000 za petroli kuagizwa kutoka nje. Wa teksi umezuia zaidi ya lita 4,500. Mitungi yote miwili, pamoja na vifaa vyake, imenunuliwa kwa dola zilezile ambazo mwaka 2023 wafanyabiashara walizitafuta kwa tochi. Mmoja unashinda kazini, mwingine unashinda umeegeshwa chini ya jengo la ofisi.

Simlaumu mtumishi. Fedha ni zake, na faida ataipata, hata ikichelewa. Lakini kituo anachokwenda kujazia ndicho hichohicho kinachosubiriwa na dereva wa bajaji ambaye kila saa ya foleni ni abiria aliowakosa. Gesi haimiminwi kama petroli. Kompresa inayoendeshwa kwa umeme huishindilia mpaka mgandamizo wa baa 200 hivi, na magari yakifuatana bila nafasi, mgandamizo hushuka, mitungi haijai sawasawa, na waliojaziwa nusu wanalazimika kurudi mapema, hivyo foleni inajizalisha yenyewe. Basi linaporudi yadi usiku hali ni nyingine kabisa. Linaweza kujazwa taratibu hadi alfajiri, wakati umeme hauna wagombea wengi, na mwenye kompresa anajua tangu jana atauza kilo ngapi leo. Mabasi ya gesi yaliyoanza kubeba abiria wa mwendokasi wa njia ya Mbagala mwaka 2025 ni mfano wa mteja wa aina hiyo: njia yake inajulikana, yadi yake inajulikana, na hahitaji kituo kila mtaa.

Miji mingine imepita njia hii kabla yetu. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya India iliamuru mabasi yote ya jiji la Delhi yahamie gesi, na teksi na bajaji kongwe zibadilishwe. Magari ya watu binafsi hayakuguswa na amri hiyo. Utekelezaji ulikuwa na vurugu, tarehe ya mwisho ikasogezwa zaidi ya mara moja, na foleni za kujaza gesi zikawa ndefu kupita maelezo, lakini kufikia mwisho wa 2002 mabasi ya dizeli ya jiji yalikuwa yameondoka. Pakistani ilifanya kinyume. Iliruhusu kila mwenye gari ahamie gesi, na serikali ikajisifia idadi. Kufikia mwanzoni mwa muongo wa 2010 ilikuwa na zaidi ya magari milioni 2 ya gesi na vituo zaidi ya 3,000, ikiongoza duniani. Kisha gesi ya visimani ikashindwa kutosha viwanda, majumba, mitambo ya umeme na magari kwa pamoja. Vituo vikaanza kufungwa siku kadhaa za wiki, na majira ya baridi hali ikawa mbaya zaidi. Waliofunga mitungi wakarudi kwenye petroli, na wawekezaji wakabaki na kompresa zisizo na kazi. Wapo watakaosema kwamba Delhi nayo leo inajulikana kwa moshi wake. Ni kweli, magari yaliongezeka, na vumbi, viwanda na moto wa mashambani vipo palepale. Gesi iliondoa moshi wa mabasi, na hiyo ndiyo kazi iliyokuwa imepewa.

Kama faida ni kubwa hivyo kwa gari la biashara, kwa nini daladala hazijakimbilia gesi zenyewe? Hapa ndipo ninapoona mjadala wetu umepita haraka mno. Daladala na teksi nyingi haziendeshwi na wenye nazo. Bosi anadai hesabu yake ya siku. Mafuta ni juu ya dereva. Gesi ikiwa nafuu, anayefaidi ni dereva, ilhali anayetakiwa kutoa milioni 2 ni bosi, ambaye hesabu yake inafika ileile gari likitumia petroli, gesi au maji ya kisima. Dereva naye, ambaye kesho asubuhi anaweza kunyang'anywa ufunguo, hawezi kuzika akiba yake kwenye buti la gari la mtu mwingine. Wakikubaliana wachangiane, bosi atapandisha hesabu mara tu atakapoona dereva amenenepa. Si bahati tu kwamba bajaji zimetangulia. Wengi wa madereva wake wako kwenye mkataba: wanalipa kila wiki mpaka chombo kinakuwa chao, kwa hiyo anayelipia mtungi ndiye atakayekula faida yake.

Fundo hilo halifunguliwi kwa semina wala kwa punguzo la kodi peke yake. Linafunguliwa kwa mkopo unaofuata gari, usiomfuata mtu. Mtungi ufungwe bila malipo ya awali, na kila kilo inayojazwa iongezwe, tuseme, shilingi 500 mpaka deni liishe. Gari linalojaza kilo 10 kwa siku litamaliza milioni 2 kwa siku 400. Katika muda huo dereva atakuwa analipa shilingi 2,050 kwa kilo, wakati petroli ya umbali uleule ingemgharimu shilingi 4,500. Dereva akifukuzwa, aliyempokea anaendelea kulipa kwa sababu ndiye anayejaza. Bosi hatoi kitu, na deni likiisha gari lake lina thamani zaidi sokoni. Kinachohitajika ni pampu inayolitambua gari, na utambuzi huo una kazi ya pili nitakayoieleza.

Pingamizi zito zaidi dhidi yangu ni la mafundi. Magari yanayoshinda barabarani, hasa Coaster na malori, ni ya dizeli, na injini ya dizeli haina plagi za kuwashia. Huwezi kuifungia mtungi kwa siku moja kama Noah ya petroli. Ama uendeshe kwa mchanganyiko wa dizeli na gesi, ama uifumue injini, na kazi hiyo ni ghali na mara nyingi matokeo yake hayaridhishi. Nakubali. Kwa hiyo zamu ya kwanza ni ya bajaji, teksi na Hiace za petroli, na zamu ya dizeli ifike pale gari jipya linaponunuliwa. Basi lililotengenezwa kiwandani kwa ajili ya gesi halina matatizo ya injini iliyofumuliwa, na nafasi ya kumshawishi mnunuzi iko bandarini, kwenye ushuru. Malori yaanze na barabara ya kusini. Bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam linapita mikoa ya Lindi na Pwani karibu na njia ileile wanayopita wasafirishaji wa saruji, kwa hiyo hapo gesi haina haja ya kubebwa na trela kwenda kuuzwa mbali.

Je, gesi ipo? Wanasiasa wanaipenda sana namba ya futi za ujazo trilioni 57, lakini sehemu kubwa ya hizo iko chini ya bahari ya kina kirefu, na bado haijaanza kuvunwa. Tunayotumia ni ya Songo Songo na Mnazi Bay. Hata kwa hiyo, magari si mlaji mkubwa: magari 100,000 yanayojaza kilo 10 kila siku yangehitaji futi za ujazo kama milioni 50 kwa siku, na bomba la Mtwara, lililokamilika 2015, lina uwezo wa kupitisha milioni 784 na halijawahi kukaribia kujaa. Hofu yangu iko kwenye ukame. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, limepunguza mzigo wa mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo tangu lilipoanza kuingiza umeme mwaka 2024. Mto Rufiji unaolijaza bwawa hilo ukipungua maji, mitambo ya gesi itarudi mezani kwa njaa. Pakistani ilipobanwa, magari yalikuwa miongoni mwa waliokatiwa kwanza. Mgao wa kila kundi uandikwe sasa, wakati hakuna anayegombana.

Usalama unazungumzwa sana na kueleweka kidogo, kwa kuwa watu wengi wanachanganya gesi hii na ile ya mtungi wa jikoni. Ile ya jikoni inaagizwa kutoka nje, ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni ikingoja cheche. Gesi asilia ni nyepesi, ikivuja mahali pa wazi hupanda juu na kutawanyika. Hatari yake halisi ni mgandamizo, kwa hiyo yote yanategemea ubora wa mtungi. Oktoba 2024 gari lililipuka kituoni Benin City, Nigeria, na uchunguzi wa awali ukasema mtungi wake ulikuwa umechomelewa na haukuidhinishwa kwa gesi hiyo. Argentina, iliyoanza mpango wake mwaka 1984 na sasa ina magari ya gesi zaidi ya milioni 1.5, huipima mitungi kila baada ya miaka mitano, na gari lisilo na stika hai ya ukaguzi wa mwaka halijaziwi. Pampu inayolitambua gari kwa ajili ya kukata deni inaweza pia kulikataa ambalo mtungi wake umepitwa na tarehe.

Wanaonikabili kwa hoja ya mazingira wana haki ya kusikilizwa. Gesi ikiungua hutoa hewa ukaa pungufu kwa takribani robo kuliko petroli kwa nishati ileile, lakini methani inayovuja bila kuungua hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 20. Bomba bovu na fundi mzembe wanatosha kuifuta robo yote. Kwa hiyo sitaitetea gesi kwa jina la tabianchi. Naitetea kwa sababu ya dola na kwa sababu ya moshi mweusi wa dizeli unaovutwa na wanaosubiri vituoni. Bodaboda na huenda bajaji zitahamia betri, na zikifika huko sitasikitika. Hiyo ni sababu nyingine ya kutotapakaza vituo vya gesi mitaani kwa ajili ya vyombo vidogo ambavyo baada ya miaka 10 havitavihitaji. Kompresa iliyo ndani ya yadi ya mabasi itakuwa na mteja kwa muda mrefu zaidi.

Inabaki Hazina, ambayo hukusanya fedha za barabara kupitia petroli na dizeli. Gari la gesi linachimba lami sawa na jingine. Juni 2024 mapendekezo ya bajeti yalikuja na tozo ya shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari, na kelele zikawa nyingi. Sioni dhuluma kwenye kiasi hicho: kilo ingefika shilingi 1,932, bado chini ya nusu ya gharama ya petroli ya umbali huohuo. Tatizo ni kwamba ilitokea ghafla, kwa watu ambao baadhi yao walikuwa hawajamaliza kulipia mitungi. Serikali ingetangaza leo kwamba tozo itaanza mwaka fulani, kwa kiwango fulani, ingepata fedha zake bila kumfukuza mtu. Bosi wa Coaster anayefikiria kununua basi la gesi anapiga hesabu ya miaka mitano, na hawezi kuipiga kwa bei inayosubiri hotuba ya kila Juni.