Simba Asiyelia

Sifa za filamu ya The Lion King iliyotoka Julai 2019 zote huanzia machoni, nami sizipingi. Singa za simba zinapulizwa na upepo unywele kwa unywele, vumbi linatua juu ya kwato, maji yanameta kama maji. Mwongozaji wake, Jon Favreau, alieleza mwenyewe kwamba humo mna picha moja tu iliyopigwa kwa kamera mahali halisi, ile ya jua kuchomoza mwanzoni. Nyingine zote, zaidi ya 1,400, zilitengenezwa kwa kompyuta. Kazi hiyo ni ya mafundi, na fundi hanyimwi haki yake.

Lakini macho yaliposhiba, moyo ulipewa nini?

Tuliingoja sana. Huku kwetu Mazingara, upande wa Handeni, ilitufikia kwa kuchelewa, ndani ya kompyuta ya mpwa wangu aliyetoka Tanga. Watoto walijaa hadi mlangoni, nami nikaketi kuwafasiria Kiingereza chake, kama wafanyavyo wale watafsiri wa vibanda vya video, ila mimi sina ucheshi wao. Tukafika pale baba anapokufa korongoni na mwana anajaribu kumwamsha. Katika filamu ya 1994, ile ya kuchorwa, uso wa mtoto yule ulivunjika na watu wazima wakafuta machozi. Hapa uso ni wa simba kweli, na simba kweli hana nyusi za kukunja wala midomo ya kutetemeka. Binti mmoja wa miaka kama sita akaniuliza, "Babu, mbona simba halii?" Mimi niliyejifunza kufasiri peke yangu, kwa kamusi na taa ya chemli, sikupata la kumfasiria.

Hilo ni kosa la sanaa, na msanii hukosea. Linaloniudhi zaidi ni kwamba waliohesabu kila unywele hawakufungua kamusi. Fisi wao watatu wanaitwa Shenzi, Kamari na Azizi. Kamari, pengine walikusudia mwezi wa Waarabu. Masikioni mwetu ni mchezo unaofilisi nyumba. Azizi ni mpendwa, mtukufu, jina ambalo wazazi humchagulia mtoto kwa dua. Mjukuu wangu mmoja anaitwa hivyo, naye alikuwamo sebuleni usiku ule. Asubuhi wenziwe walimwita Fisi, na wanamwita hivyo mpaka leo.

Ama Shenzi, hilo lina historia ndefu kuliko sinema. Walowezi walilitumia kumtusi Mwafrika, lakini hawakulibuni wao. Sisi Wazigua na jirani zetu wa bara tuliitwa washenzi na waungwana wa pwani na visiwani kabla Mzungu hajafungasha mizigo, na ninyi mnaonisoma mnalijua hilo. Kwa hiyo msidhani nawalaumu wageni peke yao. Fisi hatumpendi hata sisi, na katika ngano zetu ni mlafi na mpumbavu. Lakini twamwita fisi, hatumvishi jina la jirani.

Nitaambiwa kwamba ni filamu ya watoto na majina ni majina tu. Kwani majina huanza kuuma lini, kama si utotoni?

Na lile "hakuna matata"? Them Mushrooms wa Mombasa waliliimbia dunia mwaka 1982, miaka 12 kabla ya nguruwe wa Disney. Mwaka 2003 kampuni hiyo ikaliandikisha Marekani kuwa alama yake ya biashara kwenye fulana, na mwishoni mwa 2018 Mzimbabwe Shelton Mpala akaanzisha waraka wa malalamiko uliotiwa saini na makumi ya maelfu ya watu. Najua alama hiyo haimzuii mtu kulitamka. Lakini aliyeandikisha fulana za lugha yangu anashindwaje kuuliza maana ya Azizi? Ile ya 1994 ilitiwa sauti za Kizulu filamu nzima. Huko lugha ilipewa kusema. Kiswahili kimepewa kuita wanyama.

Desemba 2024 ikaja nyingine, Mufasa, ya Barry Jenkins, nayo inapendeza kuitazama. Humo nchi inayotafutwa inaitwa Milele, neno lililokaa mahali pake hata nikatabasamu. Kisha akaingia mwana wa mfalme, mtoto wa ikulu, aliyelelewa kwa heshima zote, na jina alilopewa na wazazi wake ni Taka. BAKITA ipo, BAKIZA ipo, na simu zao zinaita.