Kodi ya Mzee, Nyumba ya Wakfu na Zaka Yetu



Wiki iliyopita bibi mmoja alinisubiri nje ya msikiti baada ya sala ya alasiri. Amepanga chumba kimoja Ng'ambo. Mwenye nyumba amepandisha kodi na anataka ya miezi sita kwa mkupuo. "Shekhe, mimi napokea pensheni jamii tu. Nende wapi?"

Pensheni hiyo ya waliotimia miaka 70 ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini fedha hiyo huishia kwenye chakula na dawa. Na nyumba za wazee za Serikali, Sebleni na Welezo, ni za wasio na mtu, si za kila mpangaji aliyeshindwa na kodi.

Waliotutangulia walilijua tatizo hili. Mji Mkongwe una nyumba nyingi za wakfu, na baadhi ziliwekwa makusudi ili masikini wapate pa kukaa. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo inayozisimamia, na mtihani wake si mdogo: kodi ikiwa ndogo mno, dari huporomoka, ikifuata bei ya nyumba za wageni, mzee anatoka.

Fiqhi inatenganisha mambo mawili. Hati ikisema nyumba ni makazi ya masikini, kukaa ni haki yao, na msimamizi hana ruhusa ya kuwatoa eti kwa kuwa amepatikana mpangaji mwenye fedha zaidi. Ikiwa nyumba imewekwa kwa mapato ya msikiti, hapo hawezi kuikodisha chini ya kodi ya nyumba mfano wake, hata kwa huruma. Huruma haitolewi kwa mali ya msikiti. Pengo hilo litoke kwetu, kwenye zaka; mafakiri na masikini ndio wa mwanzo kutajwa katika aya ya 60 ya Surat At-Tawba. Kila Ramadhani tunagawa noti ndogo ndogo mlangoni, zinakwisha siku ile ile. Kamati ya msikiti ingeweza kumlipia mzee mmoja kodi ya mwaka mzima, kwa idhini yake.

Ila vijana wafahamu: ukiwa na uwezo, kodi ya mama yako asiyejiweza huihesabu zaka. Makazi ni katika nafaka, nayo ni wajibu wako. Bibi yule ana watoto watatu, mmoja yuko Muscat. Nimemuomba namba zao za simu.