Je, Kizuri Chajiuza?



Wapendwa wanaparokia na wasomaji wa ukurasa huu, wahenga wetu walituachia methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kuhusu maembe na vitenge sina ubishi nao. Lakini juma hili naomba ruhusa ya kubishana nao kidogo juu ya jambo moja tu, nalo ni maandishi. Maandishi mazuri hayajiuzi. Huandikwa, husomwa na watu wachache, hufunikwa na mengine yaliyokuja na kelele zaidi, kisha hulala. Yakiamka, ukichunguza utakuta karibu kila mara kwamba kuna mtu wa pili aliyeyaamsha, na mara nyingi mtu huyo ni mwandishi mwenzake yule aliyeyatunga. Ni huyo mtu wa pili ninayetaka tumtafakari, kwa sababu tunakula matunda yake bila kumjua jina.

Tuanze na Mombasa. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alizaliwa huko yapata mwaka 1776 na kufariki yapata mwaka 1840. Alitunga mashairi juu ya siasa za mji wake chini ya watawala wa Kimazrui, akawakejeli waliokuwa wakiegemea upande wa Seyyid Said wa Oman na Unguja, akatunga pia juu ya mapenzi, biashara, urafiki na dhiki za nyumbani. Wataalamu husema ndiye aliyeutoa ushairi wa Kiswahili msikitini na kuupeleka sokoni, maana yake aliufanya usemezane na mambo ya kila siku. Mwaka 1837 Mombasa ikaangukia mikononi mwa Seyyid Said, na miaka michache baadaye Muyaka mwenyewe akaondoka duniani. Hakuacha kitabu kilichochapwa. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu, na vinywa, kama tujuavyo sote, hufa.

Sasa tazameni nani aliyemwokoa. Alikuwepo Mombasa mjuzi wa lugha na ushairi aliyeitwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Yeye ndiye aliyeyakusanya mashairi ya Muyaka miongo kadhaa baada ya mtunzi kuzikwa, akayaandika, akamweleza maana zake mmisionari wa Kianglikana, William Ernest Taylor, ambaye naye aliyanakili kwa uangalifu pamoja na maelezo hayo. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Taylor alifariki mwaka 1927. Nakala zikafika katika maktaba ya chuo kimoja cha London kinachofundisha lugha za Asia na Afrika, na kutoka katika karatasi hizo William Hichens alitayarisha Diwani ya Muyaka, iliyochapwa Johannesburg mwaka 1940. Hesabuni wenyewe: karne nzima tangu kifo cha mtunzi. Na hata hapo kazi haikwisha, maana ilihitajika tena kalamu ya Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz, ambaye kitabu chake juu ya Muyaka kilitoka Nairobi mwaka 1979, ili wanafunzi wa Afrika Mashariki wamsome mshairi wao akiwa na maelezo ya kutosha.

Muyaka leo yumo katika mitaala. Mwalimu Sikujua je? Waulizeni vijana wenu waliomaliza kidato cha sita. Jina lake lenyewe linasikika kama jibu watakalowapa.

Naona hapa jambo ambalo mtu aliyesoma Maandiko hawezi kulipita. Barnaba ndiye aliyemshika mkono Saulo na kumpeleka kwa mitume walipokuwa wakimwogopa. Barnaba ndiye aliyefunga safari kwenda Tarso kumtafuta, akamleta Antiokia. Ukisoma kitabu cha Matendo ya Mitume kwa makini, utaona mwanzoni mwandishi anasema Barnaba na Saulo, kisha baada ya sura moja hivi anageuza na kusema Paulo na Barnaba. Mpangilio wa majina umebadilika, na hatuambiwi popote kwamba Barnaba alinung'unika. Sisi tumebakiwa na nyaraka za Paulo. Waraka wa Barnaba hatunao katika Biblia, lakini sijui tungekuwa na nyaraka za Paulo ngapi kama Barnaba angekaa kwake akingoja kizuri kijiuze.

Wapo wanaodhani kwamba kumwonyesha mwenzako kwa watu ni kumsifu tu, tena kumsifu kupita kiasi. La hasha. Padre Gerard Manley Hopkins, Mjesuiti wa Kiingereza, alifariki Dublin mwaka 1889 akiwa na umri wa miaka 44, bila kuchapisha karibu chochote cha maana. Utenzi wake mkubwa juu ya kuzama kwa meli Deutschland mwaka 1875, ambamo watawa watano Wafransisko walipoteza maisha, ulikataliwa na jarida la shirika lake mwenyewe. (Nayasema haya bila kuwalaumu Wajesuiti, wahariri wote wana dhambi za namna hiyo.) Rafiki yake Robert Bridges, mshairi aliyesifika sana katika Uingereza ya wakati huo, ndiye aliyekuwa na nakala za mashairi yake. Bridges hakuwa Mkatoliki, hakuipenda sana dini ya rafiki yake, na alikereka na ugumu wa lugha yake. Hata hivyo aliyatunza. Akayaingiza machache machache katika mikusanyo ya mashairi ili masikio ya wasomaji yazoee, na mwaka 1918, miaka 29 baada ya mazishi, akayatoa kitabuni. Katika maelezo yake ya utangulizi alitaja wazi makosa aliyoyaona. Zilichapwa nakala 750, nazo zilichukua takriban miaka 10 kumalizika. Leo Hopkins anahesabiwa miongoni mwa washairi wakubwa wa lugha ile, na Bridges husomwa na wachache.

Mimi humheshimu Bridges zaidi kwa sababu ya yale aliyoyakosoa. Anayekuambia kwamba kila kitu cha mwenzake ni kizuri hajakisoma. Anayekuambia, hapa pananishinda, pale sikupapenda, lakini soma ukurasa huu, huyo amekifungua kitabu kwa kweli.

Mfano wa tatu nautaja kwa haraka, ingawa una utamu wake. Zora Neale Hurston, mwandishi Mmarekani mweusi, alitoa riwaya yake mashuhuri mwaka 1937. Alifariki mwaka 1960 katika makao ya watu wasiojiweza huko Fort Pierce, Florida. Mazishi yake yalilipiwa kwa michango, na kaburi likabaki bila alama. Vitabu vyake vilikuwa haviuzwi tena madukani. Mwaka 1973 mwandishi kijana wakati ule, Alice Walker, alikwenda kulitafuta kaburi hilo katika magugu, akaweka jiwe, na mwaka 1975 akaandika makala juu ya safari hiyo. Riwaya ilichapwa upya mwaka 1978, na tangu hapo haijapotea tena. Ili wenyeji wamsaidie, Walker aliwaambia kwamba yeye ni mpwa wa marehemu. Walimu wetu wa teolojia ya maadili seminarini wangelikunja uso kwa kauli hiyo, nami siitetei. Lakini naelewa kilichomsukuma: alitaka kuwe na mtu mmoja wa kumdai marehemu kama ndugu.

Basi nije nyumbani, kwa kuwa huku ndiko ninakotaka tufike.

Ndugu zangu, ni mara ngapi mmeketi katika ugeni wa Baba Askofu, au jubilei, au mahafali ya shule, mkawatazama watoto wakisimama mistari miwili wakijibizana kwa ngonjera? Upande mmoja hauelewi jambo, upande wa pili unafundisha, na mwishoni wote wanakubaliana. Tumeuzoea utungo huo kana kwamba ulikuja na mvua. Mtu aliyeueneza kwa namna tunayoijua ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, Mkatoliki, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Alifanya kazi ya serikali na ya mahakama, na alikuwa mmoja wa viongozi wa chama cha ushairi kilichoitwa UKUTA. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 aliitumia ngonjera kulieleza kwa watu. Vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa tayari kaburini.

Kwa hayo, angalau walimu wa Kiswahili wanamkumbuka. Kinachonisikitisha ni upande wake mwingine. Mnyampala alitunga Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi, vilivyochapwa katika miaka ya 1960 na Wabenediktini wa kusini mwa nchi yetu. Fikirini alichokifanya. Utenzi ni bahari iliyokomaa pwani mikononi mwa Waislamu. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athuman mwaka 1728, unasimulia habari za Mtume Muhammad na vita dhidi ya mfalme Herakli. Beti za mistari minne mifupi, mizani nane nane, mistari mitatu ikikubaliana kwa vina na wa nne ukibeba kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu wa bara, kutoka katika nchi kavu ya Ugogo, aliichukua bahari hiyo akaijaza habari za Yesu wa Nazareti na sala za Daudi. Kazi hiyo ilimtaka aujue ufundi wa majirani wa dini nyingine kwa heshima, na kuumudu. Leo tunafanya semina juu ya utamadunisho, tunatafuta mifano katika vitabu vya kigeni, na mfano mkubwa wa aina hiyo, ulioandikwa kwa lugha yetu na mlei wetu, hautajwi hata kwa bahati mbaya. Sisemi kila ubeti wake umefanikiwa. Atungaye kwa wingi vile lazima mahali fulani avute kina kwa kamba. Ninachosema ni kwamba huwezi kukihukumu kitabu usichokiona, na hivi karibu hakuna anayeviona.

Mnyampala naye amepata watu wake wa pili. Kitabu chake juu ya historia na mila za Wagogo, kilichotoka mwaka 1954, kilitafsiriwa kwa Kiingereza na Mmarekani Gregory Maddox na kuchapwa mwaka 1995. Mfaransa Mathieu Roy alimfanyia tasnifu ya udaktari mwaka 2013, na mwaka huohuo tawasifu yake iliyokuwa muswada kwa zaidi ya miaka 40, Maisha ni Kugharimia, ikatoka kitabuni. Nawashukuru kwa moyo wangu wote hao wawili. Hata hivyo mtaniruhusu kuuliza: Mmarekani mmoja na Mfaransa mmoja, na sisi tuliobatizwa katika nchi yake tulikuwa wapi? Hatukukosa watu wanaojua kusoma. Nadhani tulikosa desturi. Mwandishi wa kwetu akipata nafasi ya kusema, husema yake. Akimtaja mwenzake, humtaja aliye mkubwa tayari, ambaye hahitaji kutajwa. Kumtaja asiyejulikana tunaona ni kujishusha, au tunaogopa kuulizwa, amekulipa nini? Na kwa wengine ni wivu wa kawaida tu, ule wa wenye mitumbwi miwili katika ziwa moja.

Kwa hiyo nina maombi mawili, na yote ni ya kazi.

La kwanza ni kwa walimu wa kwaya, makatekista na wote miongoni mwenu mnaoandika, hata kama ni risala na mashairi ya harusi. Mnapopata nafasi ya kusimama mbele ya watu au kuchapa chochote, toeni sehemu yake kwa kazi ya mtu mwingine ambayo mmeisoma yote na mnaamini imepitwa. Semeni jina lake kamili. Semeni inapatikana wapi. Kama ina kasoro, itajeni, kisha semeni kwa nini mngali mnaipenda.

La pili ni kwa wazee wetu. Najua katika masanduku ya nyumbani kuna vitabu vilivyochapwa na wamisionari, matoleo ya zamani ya gazeti la Kiongozi, daftari za nyimbo zilizoandikwa kwa mkono. Sivitaki viwe mali ya parokia. Naomba mvilete ofisini siku za Jumanne na Alhamisi asubuhi, tuvipige picha ukurasa kwa ukurasa, kisha mrudi navyo nyumbani siku hiyohiyo. Vijana wawili wa VIWAWA wamekubali kuifanya kazi hiyo bila malipo. Yeyote aliye na Utenzi wa Zaburi, hata kama umeliwa na mchwa pembeni, anipigie simu kabla hajaja. Nitamfuata mwenyewe kwa pikipiki.